Maneno ya Mtu wa Darajani

Kwa miezi mitatu televisheni ya Mpawenimana ilikaa imefunikwa kitenge, na mama yake, Esteri, aliipita kila siku kwa hatua za polepole, kama mtu anayepita karibu na mgeni aliyelala. Deki ya video ilikuwa chini yake, ndani ya boksi. Juu ya boksi ulibaki mkanda mmoja. Mikanda mingine ilikuwa ya kuazima, na wenyewe walikwisha kuifuata mmoja mmoja, wakiomba radhi mlangoni. Huu ulikuwa wa Mpawe mwenyewe, na upande ule wote wa Kasulu, kuanzia kwenye mashine ya kusaga mpaka kanisani, waliujua kwa jina la Wale Sita.

Ulikuwa mkanda wa vita. Watu sita, kila mmoja na ujuzi wake, wanakusanywa na mkuu wao kwenda kumtoa daktari aliyefungwa kwenye ngome ng'ambo ya mto. Wanakwenda, wanapigana, wanamtoa, na wakati wa kurudi mmoja anabaki darajani kuwazuia maadui ili wenzake wapate kutoroka. Basi. Ukisimuliwa hivyo huoni ajabu yake. Ajabu ilikuwa kwa Mpawe.

Maana mkanda ulikuwa wa Kiingereza, na katika nyumba ile Kiingereza hakikuwa na mwenyewe. Mpawe alimaliza kidato cha nne, akapata kazi ya kutunza stoo katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila; Kiingereza alichokijua kilitosha kusoma maandishi ya kwenye magunia. Lakini kila Jumamosi mchana, alipopata lifti ya kurudi nyumbani, aliwasha jenereta uani, akaziba madirisha kwa mablanketi, akaketi kwenye kigoda kando ya televisheni. Aliwatazama watu, wala si picha. Picha alikuwa nayo kichwani. Akawasemea wale sita. Kila mmoja alimpa kwao. Mkuu wao mwenye ndevu nyeupe alikuwa mtu wa Heru Juu, kwa sababu alitembea kama aliyezoea milima. Mrusha visu alikuwa wa Uvinza. Ndugu wawili waliogombana njia nzima walikuwa wa Kakonko, na yule wa baruti, aliyesema bila kupumua, alikuwa wa Ujiji, na hapo hakuna aliyebisha. Yule mwenye mwili mkubwa, mkimya, aliyebaki darajani, hakumpa mji. Alimwita "wa kwetu".

Esteri hakuwa mtu wa video. Jumamosi alikuwa na jiko lake, na sauti ya mwanawe ilimfikia huko imechanganyika na jenereta na vicheko vya watu. Mara moja tu ndipo alipoukuta mwisho. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua zile za El Nino zimelowesha kuni zote, akaingia kukaa karibu na mlango akisubiri moto ukolee. Kwenye picha, wa kwetu alikuwa peke yake darajani, amewapa watu mgongo, anatazama maji. Alisimama hivyo kitambo. Na Mpawe, ambaye alikuwa amemwona mama yake akiingia, akasema kwa ile sauti nzito ya wa kwetu:

"Mwambieni mama asinisubiri kula. Ale. Nikichelewa, nimechelewa."

Esteri alitabasamu gizani, kwa sababu alijua anachokozwa. Kila Jumamosi alikaa na chakula hakiguswi mpaka lori lisikike barabarani. Kisha akarudi jikoni kupuliza moto.

Wiki tatu baadaye Mpawe alitumwa kupeleka vitu Kibondo, na wakati wa kurudi lori liliteleza kwenye mteremko wa karibu na Makere. Waliokuwa naye walisema hakutamka neno kabla ya kukata roho. Esteri aliwauliza mara mbili, mmoja mmoja, na wote walimjibu vile vile.

Tangu hapo alikuwa na swali ambalo hakumwambia mtu. Yale maneno yalikuwa ya nani? Kama yalikuwa ya yule Mzungu wa kwenye mkanda, basi Mpawe aliyapitisha tu, kama anayepokezana gunia na mwenzake. Kama yalikuwa ya Mpawe, basi mwanawe alimuaga, hata kama mwenyewe hakujua kwamba anaaga. Alitaka kujua, tena aliogopa kujua, na kitenge kile juu ya televisheni kilimpa nafasi ya kukaa katikati.

Siku ya kuganduka, yaani siku ya kutoka kwenye msiba, iliangukia Jumamosi ya mwezi wa sita. Vumbi lilikuwa limeanza, na baridi ya asubuhi ilikuwa ile ya kukaa na shuka mabegani mpaka saa nne. Katika ukoo wa mumewe, Kipriani, ambao walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, siku hiyo kila kazi aliyoifanya marehemu ilitakiwa kushikwa na mtu wa nyumba, japo kwa kitambo kidogo. Kazi iliyoshikwa iliendelea. Kazi ambayo haikupata mtu, haikufanywa tena katika nyumba hiyo, na kifaa chake walipewa watu wa mbali.

Kipriani, katekista, mtu wa maneno machache, alishika jembe la mwanawe akalima matuta mawili nyuma ya nyumba. Esteri alichukua panga lake akapunguza majani ya migomba. Aline, binti yao, aliyekuwa kidato cha tatu, alipanda baiskeli ya kaka yake akazunguka ua mara tatu, machozi yanamshuka na hakuweza kuachia usukani ayafute. Baada ya hapo Kipriani alinawa mikono akasema, "Tumemaliza."

"Bado deki, baba," Aline akasema.

"Deki siyo kazi."

"Siyo kazi vipi, Mzee Kipriani?" Huyo alikuwa Mwajabu, jirani yao, mama muuza vitumbua. "Mtu anasema saa mbili nzima hajameza mate. Watu sita wote yeye, daktari yeye, mbwa wa ngome yeye. Mimi nikisema robo saa nadai maji."

"Wewe robo saa?" Isihaka wa mashine ya kusaga akamuuliza. "Lini hiyo?"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika ua ule tangu mwezi wa tatu, na kilipozimika wote walimtazama Esteri kama watoto waliovunja kitu. Esteri alikuwa anatazama chini.

Kila mtu pale alijua kwamba Kipriani hakuwahi hata siku moja kuingia sebuleni video ikiwa inaonyeshwa. Mpawe aliponunua vyombo vile, baba yake alimwambia mshahara wa mtu mwenye akili huwa bati la paa. Mpawe akajibu vibaya. Hawakugombana tena, lakini hawakupatana pia; tangu siku ile, Jumamosi zote Kipriani alikaa nje kwenye benchi karibu na jenereta, akisema analinda watoto wasiiguse.

"Haya," Kipriani alisema. "Nani ataishika? Sisi lugha yake hatuijui."

Macho yakamwendea Mwalimu Lusajo, kijana wa Tukuyu aliyekuja mwezi wa nne kufundisha Kiingereza sekondari, akapanga chumba cha uani kwao. Hakuwahi kumwona Mpawe.

"Mimi siyo wa nyumba hii," Lusajo alisema. "Nisije nikaharibu desturi za watu."

"Unalala hapa, unakula hapa, juzi umeumwa malaria Mama Mpawe amekukesha hapa," Mwajabu akasema. "Unataka uwe wa nyumba gani tena, mwalimu?"

Lusajo akamtazama Esteri. Esteri aliona kwamba neno limebaki kwake. Angeweza kusema hapana, na deki ingefungwa kamba iende kwa ndugu zao Kibondo, na swali lake lingeenda nayo.

"Aishike mwalimu," alisema. "Atatuambia yaliyomo."

Basi madirisha yakazibwa, Kipriani akaenda kuvuta kamba ya jenereta, ikakohoa, ikawaka. Esteri mwenyewe ndiye aliyeondoa kitenge. Alikikunja mara nne akakiweka mapajani, akakaa mbele, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

Lusajo alikuwa mwalimu mwaminifu. Aliketi kwenye kiti pembeni, mkono kwenye shavu, akasikiliza kila sentensi mpaka mwisho ndipo aitafsiri. "Anauliza, unahitaji watu wangapi? Mwenzake anasema, watano, na mimi wa sita. Anasema, kazi hiyo ni ngumu. Mwenzake anakubali kwamba ni ngumu."

Watu wakaanza kujikuna.

"Mwalimu," Isihaka akasema, "wa Ujiji mbona leo mpole?"

"Wa Ujiji yupi?"

"Huyo mwenye begi la baruti."

"Ah. Hapa haongei."

"Haongei? Wa Ujiji?" Mwajabu, ambaye naye kwao ni Ujiji, akageuka kuwatazama watu. "Mnaona sasa. Siku zote mlikuwa mnatusingizia."

Wale ndugu wawili wakaanza kugombana, na Lusajo akaeleza kwamba wanabishania ramani. Mzee mmoja nyuma akasikitika. Kwa miaka miwili alijua kwamba wanagombania mbuzi wa mahari, na kwamba mdogo ndiye mwenye haki. Lusajo akaomba radhi. Hata hivyo polepole alijifunza. Akaacha majina ya Kiingereza akasema "wa Heru Juu anawaambia wainame," na watu wakatulia kidogo, kama wanaokula chakula kisicho na chumvi kwa sababu mpishi ni mgeni.

Esteri hakuwa anafuata. Alikuwa anangoja daraja.

Lilipofika alilijua kabla ya kuliona, kwa jinsi watu walivyoacha kusogezasogeza miguu. Wale watano na daktari walikuwa wamekwisha kuvuka. Wa kwetu alisimama peke yake, mgongo kwa watu, anatazama maji. Jenereta ilinguruma nje. Lusajo alikuwa kimya.

"Anasema nini?" Aline akauliza.

"Hasemi."

"Anasema, mwalimu. Hapa ndipo anaposema."

"Labda nimepitwa." Lusajo akarudisha mkanda, akasogea mpaka sikio likakaribia kuigusa televisheni. Picha ikapita tena yote, mgongo, maji, mwanga wa jioni kwenye mbao za daraja. "Ni muziki tu," alisema. "Hakuna neno hata moja. Amekaa kimya mpaka wanapofika wale maadui."

Esteri akalipata jibu lake. Kwa hiyo yalikuwa ya Mpawe. Yule mtu alikuwa amekaa kimya tu, na mwanawe akaingia katika kimya kile akamwambia mama yake jambo lake. Alikibana kitenge mapajani. Kwa kitambo hicho kidogo alikuwa na furaha iliyomchoma, naye angeinuka aende zake jikoni akakae nayo peke yake, kama Mwajabu angenyamaza.

"Lakini alikuwa anasema," Mwajabu alisema, sauti yake imeshuka. "Mbele yangu mimi alisema. 'Mwambieni Mwajabu mguu utapona, asiache kuukanda.' Ndiyo siku nilizokuwa nimeanguka sokoni. Nilidhani ni mzaha wake. Nikaukanda."

"Kwangu alisema, 'Mwambieni dada afanye mtihani, hata mimi niliogopa,'" Aline akasema.

"Mimi alinitukanisha," Isihaka akasema. "'Mwambieni mwenye mashine asifokee watoto wanaoleta mahindi.' Watu wote wakanigeukia. Nilinuna wiki nzima. Sikuwafokea tena, lakini."

Wengine nao wakatoa yao. Kila mmoja alikuwa na Jumamosi yake. Mmoja alikumbushwa kumwandikia mama yake barua. Mwingine aliambiwa ng'ombe wake atapona, na hakupona. Esteri alisikiliza, na ile furaha aliiona ikipungua mikononi mwake kama maji. Alikuwa ameitunza sentensi moja kwa miezi mitatu akidhani ni ya peke yake, kumbe mtoto alikuwa anawaaga watu wote, wiki hadi wiki, bila kujua. Akaona wivu, kisha akaona aibu kwa wivu ule. Yake hakuitoa. Kuitoa pale, katikati ya mguu wa Mwajabu na mahindi ya Isihaka, aliona kama kuimaliza.

"Na mimi?"

Waligeuka. Kipriani alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika blanketi la pazia, mwingine unanuka petroli. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Mimi alinitaja Jumamosi gani?"

Mwajabu aliitazama mikono yake. Wote walijua kwamba Mpawe aliwasemea waliokuwa ndani, wale aliowaona mbele yake gizani, na Kipriani hakuwahi kuwa ndani.

"Mimi nilikuwa nasikia sauti tu," Kipriani alisema, kama anayejitetea kwa watu ambao hawajamshitaki. "Maneno yalikuwa yanaishia kwenye jenereta. Nilisema nitamwuliza."

Esteri alimtazama mumewe. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miezi yote hii, kila mmoja amegeukia ukuta wake, na alikuwa akidhani kwamba huyu amekwisha kuelewana na Mungu wake, ndiyo sababu hasemi. Sasa aliona kwamba hakuwa na kitu cha kusema. Hakuwa na hata neno moja. Yeye, Esteri, alikuwa nalo.

"Alikutaja," alisema.

Kipriani hakusogea.

"Mwezi wa pili, ile siku ya kuni mbichi. Mimi nilikuwepo, nimekaa hapo hapo uliposimama. Alisema: 'Waambieni baba na mama wasinisubiri kula. Wale. Nikichelewa, nimechelewa.'"

Aline aligeuza shingo haraka. Siku ile alikuwa pale, kwenye mkeka, karibu kabisa na kigoda cha kaka yake. Alimtazama mama yake usoni, na Esteri hakukwepesha macho. Hakuomba, hakuonya. Alingoja.

"Ego," Aline akasema taratibu, kwa Kiha. Ndiyo. "Alisema hivyo, baba."

"Alianza na baba?" Kipriani akauliza.

"Alianza na baba," Esteri akajibu.

Kipriani akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo akaona unabebeka. Kisha akaingia. Aliwaruka watu waliokaa kwenye mkeka, akiomba njia kwa mkono, mpaka akafika kwenye kigoda kilichokuwa kitupu kando ya televisheni tangu mwanzo, maana Lusajo hakuthubutu kukikalia. Akakaa. Hakujua pa kuweka mikono, akaiweka magotini.

"Rudisha kidogo, mwalimu."

Lusajo akarudisha. Daraja likaja, na mgongo, na maji. Kipriani alikaa amegeukia picha, kinyume na mwanawe, karibu mno, mwanga wake unamchezea kwenye mvi. Watu walingoja. Alichelewa hata Isihaka akaanza kukohoa.

"Anasema amesikia," Kipriani alisema.

Maadui wakaja. Risasi zikalia, mbao zikaruka, wa kwetu akaanguka kwa goti moja kisha kwa lingine, na Kipriani hakusema lolote juu ya hayo, wala hakuna aliyemdai. Picha ikahamia msituni, kwa wale waliovuka.

"Huyu anayekimbia ni nani?"

"Wa Kakonko, baba. Yule mdogo."

"Wa Kakonko anasema twende."

"Na huyu wa nyuma yake?" Mwajabu akauliza.

"Huyo naye anasema twende."

"Mzee, wote watasema twende?"

"Wanakimbia," Kipriani akasema. "Mtu anayekimbia ana maneno gani mengine?"

Mtu akacheka nyuma, na wengine wakamfuata, safari hii bila kumtazama Esteri. Yeye alikuwa ameketi amefumba macho. Alijaribu kuyasikia tena maneno yale kama yalivyosemwa mwezi wa pili, kwa sauti ile nzito ya kuigiza, mvua ikipiga kwenye nyasi za paa, yeye na mwanawe tu ndio wanaojua anayechokozwa. Yalimjia. Lakini yalikuja na baba ndani yake, baba kwanza, ndipo mama. Aliyarudia, yakaja vile vile.

Akayaacha hivyo, akafumbua macho aone wanaobaki wanafika wapi.